Je, Madoido Mapya Yanastahili Bei Mpya?

Waliohudhuria mjadala wa chama chetu muhula wa pili watakumbuka kwamba kengele ya chakula cha mchana ililia nikiwa katikati ya hoja. Mada ilikuwa: "Gari lililoboreshwa linastahili bei ya juu." Mimi nilikuwa upande wa upinzani, na tulishindwa. Sikatai. Lakini nusu ya ukumbi ilipiga kura mguu mmoja ukiwa nje, harufu ya githeri imekwisha kuwaita. Jarida halina kengele, kwa hivyo wacha nimalize nililoanza.

Kwanza tuelewane. Sizungumzii lori wala Probox ya kubeba miraa, maana hayo hakuna anayeyanunua kwa madoido. Nazungumzia saluni ya kifahari, lile gari la chini chini linalong'aa, linalopita polepole sokoni hadi watu wageuze shingo. Gari la aina hiyo Kiswahili kilikwisha kulitolea hukumu zamani. Baada ya uhuru wa 1963, watu walianza kuwaita wakubwa waliojitajirisha "Wabenzi" kwa sababu ya Mercedes-Benz walizoendesha, kana kwamba ni kabila kama Wakamba au Wapokomo. Kabila lisilo na kijiji, lina gereji tu.

Hata serikali iliwahi kujiuliza swali letu hili. Katika bajeti ya Juni 2009, Uhuru Kenyatta, wakati huo akiwa Waziri wa Fedha, alitangaza kwamba magari ya wakubwa serikalini yasizidi injini ya CC 1,800, na mawaziri wakaletewa Volkswagen Passat badala ya magari makubwa waliyoyazoea. Wengine walinung'unika. Si ajabu. Anayelipiwa gari na mafuta na wananchi huona kila doido ni la lazima. Anayelipa mwenyewe ndiye anayepaswa kukaa chini na kuhesabu, na hapo ndipo ninapomleta abti yangu.

Abti ni ndugu yake mama. Anafanya biashara ya nguo, anazichukua Eastleigh na kuzileta hapa Garissa, kwa hivyo barabara ya Nairobi anaijua kama kiganja chake. Kwa miaka mingi aliendesha Toyota Mark II ya mwaka 2003. Gari lilikuwa zee lakini zima. Mwanzoni mwa 2023 akaamua kwamba umri wake na mgongo wake vinastahili gari bora, akateremka Mombasa. Mimi sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Mtu aliyesafiri usiku na mchana miaka ishirini ana haki ya kiti laini.

Katika yadi moja huko Mombasa alikuta Toyota Crown mbili, zote za 2016, zote nyeupe, zimesimama ubavu kwa ubavu kama pacha. Moja ilikuwa ya kawaida. Ya pili ilikuwa "full" kama wanavyosema wauzaji: ina rada mbele ya kuzuia mgongano, kamera ya kuangalia mistari ya barabara, sensa za kulia ukikaribia kitu, taa zinazojipunguza zenyewe, viti vya kupasha joto, na mtambo wa kuonyesha njia wenye kioo kikubwa. Tofauti ya bei ilikuwa shilingi 280,000. Abti alipiga simu nyumbani, na wiki hiyo hiyo ngamia wawili majike, wote wenye maziwa, walipelekwa soko la mifugo.

Ngamia wale walikuwa wa familia, lakini maziwa yao yalikuwa ya ayeyo, bibi yangu. Tulikuwa tumetoka katika ule ukame ulioanza 2020, mvua ikakosekana msimu baada ya msimu, na ngamia waliobaki walihesabika kwa vidole. Ayeyo hakupinga. Gari lilipofika alitoka nje na mkongojo wake, akalizunguka mara moja, akauliza, "Na hili linakamuliwa wapi?" Watu walicheka. Abti pia alicheka, lakini nilimwona akiangalia chini.

Haya, sasa tuyatazame madoido yenyewe moja moja, maana katika ule mjadala wenzetu waliyataja kwa jumla jumla tu.

Viti vya kupasha joto. Wanafunzi wenzangu, mnaijua Garissa. Januari na Februari hata mbuzi wanatafuta kivuli cha nguzo ya stima. Kitufe hicho kiliguswa mara moja tu, na binamu yangu mdogo, kwa bahati mbaya, na abti akadhani gari linaungua. Kando yake kuna kitufe kingine cha kuendeshea kwenye theluji. Sitasema zaidi.

Redio. Redio ya gari la Japani hushika FM kuanzia 76 hadi 90, zile za karibuni hadi 95, kwa sababu ndivyo mawimbi ya kwao yalivyopangwa. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Kwa hivyo katika gari la kifahari, lenye spika kila pembe, abti alikuwa akisikia mkwaruzo. Ilibidi anunue kifaa kidogo cha kubadilisha mawimbi. Mtambo wa kuonyesha njia nao una ramani ya Japani na unazungumza Kijapani. Tukiwa Mwingi ulituonyesha kwamba tupo katikati ya bahari.

Halafu kuna hili ambalo nililisoma baadaye, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Oktoba 2015, Toyota ilipoiboresha Crown, iliweka mtambo wa kuzungumza na barabara. Maana yake ni hivi: katika baadhi ya makutano ya barabara huko Japani wamefunga mitambo inayotuma habari kwa mawimbi ya redio, na gari likikaribia linaambiwa taa ni nyekundu, au kuna gari linakuja upande usiouona. Ni jambo la ajabu, na kwa mtu wa Tokyo huenda likaokoa maisha. Lakini hapa kwetu hakuna taa inayozungumza na Crown. Mtambo huo ukiwa Garissa ni kama mtu uliyemwita mgeni rasmi kisha ukamkalisha mahali ambapo hakuna anayejua lugha yake. Atakaa hapo ametabasamu mpaka mwisho wa sherehe.

Sensa za kulia nazo zilikuwa kinyume chake, hazikunyamaza. Zimetengenezwa kwa mji ambamo kitu kikikaribia gari basi kuna hatari. Sokoni kwetu mikokoteni ya punda inapita kushoto, mbuzi wanapita kulia, mtoto mwenye mkebe anapita mbele, na wote hao hawana haraka. Gari lililia kutoka mwanzo wa soko hadi mwisho kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Siku ya tatu abti alitafuta kitufe cha kulizima, na mpaka leo limezimwa. Kamera ya mistari inahitaji mistari. Ukiiacha lami na kuingia njia ya mchanga kwenda kuona mifugo, mistari iko wapi? Na vumbi likikaa kwenye rada, taa ya onyo inawaka kwenye dashibodi na maandishi ya Kijapani ambayo hata fundi wetu, mtu mjuzi, hutikisa kichwa tu.

Sitaki mseme kwamba nimeficha yaliyo mazuri. Zile taa zinazojipunguza zenyewe gari likija mbele ni kitu cha maana sana. Aliyewahi kusafiri usiku kutoka Ukasi hadi Bangale anajua jinsi madereva wanavyopigana taa za macho mpaka unabaki kuendesha kwa kumbukumbu. Kwa doido hilo mimi ningelipa, na ningelipa bila kunung'unika.

Na kuna usiku mmoja ambao nataka kuusimulia polepole. Tulikuwa tunarudi kutoka Nairobi, Desemba, tumeshaipita Bangale, abti kwenye usukani, mimi nyuma nimesinzia. Ghafla nikarushwa mbele, mkanda ukanibana kifua. Gari lilitetemeka, likavutika kidogo kushoto, likanyooka, likasimama. Mbele yetu, hatua nne au tano hivi, alikuwa ngamia. Hakukimbia. Alitutazama kama mtu aliyekatizwa usingizi na wageni, kisha akavuka. Nyuma yake wakavuka wengine sita. Abti alizima injini, akatoka nje, akakaa kwenye changarawe kando ya lami kwa muda mrefu. Mimi nikakaa karibu naye.

Aliporudi ndani nilimuuliza, "Abti, ile rada ilikuonya?" Akasema, "Haikusema neno, abti." Baadaye nilielewa kwa nini. Vifaa vya aina hiyo vilifundishwa kuona magari na watu. Ngamia hakuwa katika somo lao. Kilichotuokoa ni macho ya abti, mikanda, breki za ABS zile zinazozuia gurudumu lisigande, na ule mtambo unaolizuia gari lisipinduke linapoyumba. Na breki za ABS zilikuwemo katika ile Mark II ya 2003, na mikanda pia.

Hapa ndipo dada yetu wa kidato cha nne, aliyeongoza upande wa pili, alipotoa hoja yake kali kuliko zote, na mimi nikalazwa chali. Alisema: hizo breki za ABS zilitoka wapi? Zilianza kuuzwa 1978 katika Mercedes-Benz za S-Class, gari la matajiri. Mfuko wa hewa wa kumkinga dereva ulikuja katika S-Class hiyo hiyo 1981. Mtambo wa kuzuia kuyumba nao ukaanzia huko 1995. Kama matajiri wale wasingelipa bei ya juu, maskini wa leo asingekuwa na breki. Kwa hivyo bei ya juu ya leo ni usalama wa wote wa kesho. Ukumbi ulipiga makofi, na mimi kwa kweli nilipiga pia.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila haijakamilika. Mkanda wa usalama wa ncha tatu, ule ulionizuia mimi usiku ule, ulibuniwa Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaacha watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Haukusubiri miaka ishirini uwashukie watu kutoka kwa matajiri. Na kwetu Kenya, mikanda katika matatu haikuletwa na bei wala na matajiri. Ililetwa na sheria, 2004, Waziri John Michuki alipokaza kamba: kila abiria mkanda, kila matatu kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa. Wazee wanasema matatu zilikaa siku kadhaa bila kwenda kazini, watu wakatembea kwa miguu, lakini mikanda ikafungwa. Kwa hivyo kitu kizuri kina njia nyingi za kumfikia mtu wa kawaida, na bei ya juu ni moja tu kati ya hizo.

Kisha kuna jambo ambalo dada yetu hakuligusa kabisa. Yule Mjerumani wa 1978 alilipia breki mpya na akazitumia katika barabara yake. Sisi tunanunua gari lililokwisha kutumika miaka saba huko kwao. Gharama ya kubuni ile rada imekwisha kulipwa na Mjapani, na ameitumia, na ameifaidi. Sisi tunailipia tena, na hatuitumii.

Tena tunailipia mara mbili. Hebu nisaidieni kwa hesabu, mliokuwa mnasema hesabu haina faida maishani. Gari lililotumika likifika bandarini Mombasa, forodha haitazami tu umelinunua kwa ngapi. Huanzia bei ya gari hilo likiwa jipya, kisha hupunguza kulingana na umri wake. Kwa hivyo madoido yaliyopandisha bei ya gari likiwa jipya yanakufuata mpaka bandarini. Chukua doido lililoongeza thamani ya gari kwa shilingi 100,000. Ushuru wa forodha, ambao tangu 2023 ni asilimia 35, unaifanya 135,000. Juu ya hiyo, ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa injini inayozidi CC 1,500, tunafika 168,750. Juu ya hiyo tena, VAT ya asilimia 16, na sasa ni shilingi 195,750, ukiacha ada nyingine ndogo ndogo. Kodi inapanda juu ya kodi kama watoto wanaochungulia dirishani. Shilingi laki moja ya mtambo bubu imekuwa karibu laki mbili.

Mtu ataniambia, si anunue gari la zamani lisilo na madoido? Hawezi. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, haliruhusu gari lililozidi miaka minane kuingizwa nchini. Mwaka 2025, kwa mfano, gari lililosajiliwa kabla ya 2018 halikukubaliwa. Kila Januari mpaka unasogea mbele mwaka mmoja. Siipingi sheria hiyo, kwa sababu bila hiyo tungekuwa jalala la magari ya dunia. Lakini maana yake ni kwamba kila mwaka tunasukumwa kwenye gari lenye madoido mengi zaidi, tupende tusipende, na madoido hayauzwi kimoja kimoja kama mandazi. Ni fungu zima, chukua au acha.

Ndio maana mimi nasema swali la mjadala wetu lilikuwa na kasoro. Lilimuuliza mtu kama gari lililoboreshwa linastahili bei, bila kuuliza limeboreshwa kwa ajili ya barabara ya nani. Crown iliboreshwa kwa ajili ya Japani, na kwa Japani nakubali huenda inastahili kila shilingi. Kwetu wazee bado wanaisifu Peugeot 504, saluni isiyo na kamera wala rada, iliyoshinda mashindano ya Safari Rally 1975. Na tazameni Toyota Land Cruiser zile za kazi, umbo lao la tangu 1984 halijabadilika sana, na bei yake haishuki ng'o! Watu hapa wanalipa pesa nyingi kwa gari ambalo halikubadilishwa. Wauzaji wa madoido wangelitafakari hilo. Novemba 2023, mafuriko ya Tana yalipoikata barabara upande wa Madogo na watu wakawa wanavuka kwa mashua, Crown ya abti ilikaa uani wiki nyingi imefunikwa turubai, tumbo lake liko chini mno hata kwa matope ya mtaani.

Ningekuwa na uwezo ningefanya jambo moja dogo. Ningemlazimu kila mwenye yadi aandike bei ya kila doido kando, na mbele yake aandike kama linafanya kazi Kenya au halifanyi. Basi. Anayetaka kiti cha moto akilipie akijua. Mwalimu wetu wa Biashara ataniambia soko haliendeshwi hivyo, na labda ana haki, lakini hata dukani kwa jirani ukinunua tochi unaiwasha kwanza. Abti hakuulizwa, na hakuuliza. Alionyeshwa kioo kikubwa kinachowaka, na muuzaji akasema, "Mzee, hii ndiyo full," na neno hilo moja likala ngamia wawili.

Siku hizi ayeyo hununuliwa maziwa kwa akina mama wa sokoni. Anayanywa, lakini husema yana maji. Juzi nilipokuwa nyumbani kwa likizo fupi nilimkuta abti anaosha gari kwa uangalifu mwingi, akaniambia analiuza. Mnunuzi wa kwanza alikuwa amekuja jana yake. Alilizunguka, akakaa ndani, akabonyeza vitufe vyote, na swali lake la kwanza lilikuwa kama viti vinapasha joto.

"Ukamwambiaje, Abti?"

"Nikamwambia vinapasha," akasema, na akaendelea kuosha.

Mwenye hoja tofauti ashike kalamu. Ukurasa wa toleo lijalo uko wazi.